Februari ya Unguja, na Barua Iliyokunjwa Mara Nne

Mpenzi msomaji, kila Krismasi ikikaribia mashosti wangu, na hata washikaji wa ofisini, huniuliza swali lilelile: "Vipi, Busara safari hii tunatia timu?" Wanajua mimi ni mgonjwa wa muziki wa jukwaani. Nipe bendi inayopiga vyombo kwa mikono yake na mwimbaji anayetoka jasho, halafu nisahau mpaka asubuhi.

Ila wengi wao hawajui kwamba safari yangu moja ya Sauti za Busara nusura niimalize kwa kurudi Dar peke yangu. Leo nakusimulia yote, na mwishoni nitakupa na kalenda ya kupangia safari yako na mwenzi wako.

Barua ya kwenye begi

Ilikuwa Februari 2020. Mimi na baba watoto tulikuwa na miaka saba ya ndoa, watoto wawili, mkopo wa kiwanja na foleni ya asubuhi na jioni. Hatukuwa tunagombana, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Tulikuwa tunapeana taarifa tu: gesi imeisha, ada imelipwa, mdogo anakohoa. Usiku kila mtu na simu yake, taa ikizimwa kila mtu na ukuta wake.

Nilitakiwa kwenda Unguja kuandika habari za tamasha. Nikamwambia twende wote, watoto tutawaacha kwa bibi yao Tabata. Akakubali, lakini shingo upande.

Bandarini, tukiwa kwenye foleni ya boti, akaniambia nimtolee kitambulisho kwenye mfuko wa mbele wa begi lake. Nikakiona. Chini yake kulikuwa na barua. Sijui shetani gani alinituma, nikaifungua. Uhamisho. Ofisi yake inampeleka Dodoma, aripoti mwanzoni mwa Aprili. Nikaangalia tarehe ya barua: ilikuwa na wiki tatu.

Wiki tatu, msomaji! Tumekula pamoja, tumelala kitanda kimoja, tumekwenda harusini tumevaa sare, na mtu ana barua mfukoni.

Niliikunja haraka nikairudisha. Sikusema neno. Boti inatumia kama saa mbili hivi kufika Unguja na siku ile bahari ilikuwa shwari kabisa, lakini mimi ndiye niliyetapika.

Ndani ya Ngome Kongwe

Kama hujawahi kufika, ngoja nikuchoree picha. Unashuka bandarini Malindi, unafuata barabara ya pwani, bahari iko kulia kwako. Utapita Forodhani, ile bustani iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, ambapo jioni moshi wa mishikaki na pweza hukuita kwa jina. Mbele ya bustani utaona kuta nene za rangi ya mchanga zenye minara ya duara. Hiyo ndiyo Ngome Kongwe. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Imewahi kuwa gereza pia. Leo ndani kuna jukwaa.

Tamasha la Sauti za Busara lilianza hapo mwaka 2004, na kwa kawaida hufanyika Februari. Sharti lake kubwa ni moja: muziki upigwe laivu, hakuna kushika kipaza sauti huku sidii inakuimbia. Ndiyo maana watu wanalipenda. Utasikia gitaa la Kongo, kora ya Afrika Magharibi, ngoma za bara, taarabu ya palepale mjini, wote usiku mmoja. Lakini si kazi rahisi. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kabisa kwa sababu ya ukata. Kwa hiyo ukiona tangazo lake, usichukulie poa. Kila mwaka kuna watu wamepigana ili lile jukwaa lisimame.

Jioni ile ya kwanza beni zilipita barabarani kwa tarumbeta na ngoma, watoto wakikimbia pembeni, akina mama wakipiga vigelegele madirishani. Mume wangu alikuwa hatua mbili mbele yangu. Alikuwa akigeuka kila mara kuhakikisha nipo, na kila akigeuka mimi natazama kwingine.

Ndani ya ngome tulikaa kwenye nyasi. Pembeni yetu kulikuwa na vijana wawili, naona walikuwa wachumba, wamefunikwa kitenge kimoja wakichekana. Bendi ilipiga mpaka usiku wa manane. Kila mtu alisimama, mimi nilibaki nimekaa. Mume wangu akauliza, "Umechoka?" Nikamjibu, "Kidogo." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya usiku mzima.

Taarabu haimfichi mtu

Wakati wa tamasha, maonyesho hayaishii ngomeni. Mji mzima unakuwa na vionyesho vidogovidogo, kwenye kumbi, hotelini, hata vichochoroni. Jumamosi jioni tukaingia ukumbi mdogo kusikiliza taarabu asilia.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana vijana wengi wa bara tunadhani taarabu ni mipasho na kinanda tu. Inasimuliwa kwamba ni Sultani Barghash aliyempeleka mtu Misri kujifunza kupiga kanuni, na muziki huo ukaanzia kasri. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, na hebu fikiria, kimevuka karne na bado kina jina mjini. Baadaye ikaja Culture Musical Club. Lakini aliyeitoa taarabu kwa wakubwa na kuiweka kwa Kiswahili mikononi mwa watu wa kawaida ni mwanamke, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyekwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Bi Kidude aliyefariki Aprili 2013 alitoka kwenye njia hiyohiyo, na mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, akiwa bibi kizee anayepiga ngoma kuliko vijana.

Ukumbini, udi, kanuni, fidla na kodiani hukaa safu, na mwimbaji anasimama bila kurukaruka. Vurugu zote ziko kwa wasikilizaji. Ubeti ukikugusa unanyanyuka taratibu, noti mkononi, unakwenda kumtuza mwimbaji. Na hapo ndipo penye siri: watu wote wanakuangalia umenyanyuka kwenye ubeti gani. Ukinyanyuka kwenye ubeti wa mke mwenza, mke mwenza kapata habari. Ukinyanyuka kwenye ubeti wa mpenzi aliyekuacha, kesho mtaa unajua. Hujasema kitu, lakini umesema.

Sasa mume wangu ni mhasibu. Si mtu wa kucheza, si mtu wa kutuza. Harusini kwetu aliburuzwa na shangazi zake. Mwimbaji, dada mmoja mwenye sauti kama asali, akafika kwenye ubeti wa mtu aliyebeba siri inayomlemea na hana pa kuitua. Nikasikia kiti kinasogea. Nikageuka. Baba watoto kasimama na noti ya elfu kumi, anapita katikati ya watu, kichwa chini kama mwanafunzi aliyeitwa kwa mwalimu mkuu.

Mama mmoja mtu mzima aliyekaa kushoto kwangu, kajitanda mtandio wake vizuri, akaninong'oneza: "Mwanangu, mumeo ana jambo lake leo."

Alirudi akakaa. Bila kunitazama akasema, "Umeiona, sio?"

"Umejuaje?"

"Umeikunja mara mbili. Mimi niliikunja mara nne."

Kahawa chungu

Tulitoka ukumbini tukapotea. Mji Mkongwe ukipotea usihangaike, mji wenyewe utakutoa mahali fulani. Sisi ulitutoa kwenye baraza moja ambapo wazee walikuwa wakicheza domino na muuza kahawa anagonga vikombe vyake. "Karibuni mkae kitako," wakatuambia, wakasogea. Tukapewa kahawa chungu na kashata.

Nilianza mimi, na nilianza kwa hasira. Nilimwambia wiki tatu ni uongo wa wiki tatu. Hakujitetea. Akanieleza kwamba baba yake alikuwa mtu wa reli, akihamishwa kila mara, na mama yake alibaki Tabora na watoto. Kila likizo baba alikuja kama mgeni, mpaka siku moja hakuja. "Ile barua nikiikutolea inakuwa kweli," akasema. "Nikiwa nayo mfukoni bado ni karatasi."

Nilitaka kuendelea kufoka. Lakini kuna jambo nilikuwa nalo na mimi, na nikaona kama simwambii pale, sitamwambia tena. Nikamwambia ukweli wangu: nilipoisoma barua ile bandarini, kabla hasira haijafika, nilisikia nafuu. Kwa sekunde mbili tatu niliiwaza nyumba ikiwa kimya, bila mtu wa kumpa taarifa ya gesi.

Alinyamaza muda mrefu. Mzee mmoja akapiga domino mezani kwa kishindo, wenzake wakapiga kelele. Mwisho mume wangu akasema, "Basi kumbe wote wawili tulikuwa tunaondoka."

Neno lile lilinichoma kuliko barua. Ndugu msomaji, sikuandikii kwamba tulikumbatiana na kila kitu kikawa shwari. Tulikaa pale mpaka muuza kahawa akakusanya vikombe vyake. Tuliongea mambo ambayo hatukuwa tumeyaongea tangu mtoto wa pili azaliwe. Mengine yaliumiza. Usiku ule ngomeni nilisimama na kucheza, na yeye alicheza vibaya sana karibu yangu.

Alihamia Dodoma, mimi nikabaki Dar na watoto. Hatukuona njia nyingine. Tulikubaliana kitu kimoja tu: habari yoyote nzito isilale mfukoni zaidi ya usiku mmoja. Mara mbili imetushinda. Mara nyingine zote tumeweza.

Tuliporudi Unguja Februari 2022 tulikuta Beit el-Ajaib, jirani wa ngome, limefungwa. Jumba lile la mwaka 1883, ambalo tulipiga nalo picha tukiwa tumenuniana, liliporomoka sehemu yake siku ya Krismasi ya 2020 na watu wawili wakapoteza maisha. Kwa nje lilikuwa linapendeza mpaka siku ya mwisho. Tulisimama mbele yake hatukusema kitu, ila safari hii alikuwa amenishika mkono.

Kabla hujafungasha begi

Sasa tuje kwenye mipango, maana najua unataka kumpeleka mtu.

Sauti za Busara: panga kwa Februari, lakini hakikisha tarehe kwanza kabla hujaomba likizo. Ramadhani husogea nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka, na kwa mwaka 2027 hesabu za kalenda zinaiweka mwanzoni mwa Februari. Mwezi mtukufu Unguja si mwezi wa ngoma, kwa hiyo tamasha lazima liupishe.

ZIFF: tamasha la filamu la nchi za jahazi, limekuwepo tangu 1998, hufanyika katikati ya mwaka. Mchana filamu, usiku muziki. Linawafaa wapenzi wasiopenda msongamano.

Mwaka Kogwa: Julai, kule Makunduchi. Wanaume wanapigana kwa migomba, wanawake wanaimba, kibanda kinachomwa moto. Magomvi ya mwaka mzima yanamalizwa hapo. Ukiwa na mume mgumu, mpeleke.

Taarabu na kidumbaki: hizi zipo mwaka mzima ukiuliza wenyeji. Ulizia mazoezi ya vikundi vikongwe, na maonyesho ya wanafunzi wa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanza mwaka 2002. Mazoezi ya jioni mara nyingine ni matamu kuliko shoo yenyewe.

Malazi ya Mji Mkongwe wiki ya tamasha hujaa mapema, kwa hiyo kata chumba miezi miwili kabla. Beba kitambulisho chako, kiingilio cha Mtanzania huwa nafuu kuliko cha mgeni. Dada zangu, mtandio na gauni refu kwa mitaani, ni adabu ya mji. Weka noti ndogondogo za kutuza. Na simu ziacheni hotelini angalau usiku mmoja.

La mwisho: mkifika bandarini, kila mtu atoe kitambulisho chake mwenyewe. Lakini kama kuna barua, itoeni kabla boti haijang'oa nanga. Tukutane kwenye nyasi za Ngome Kongwe.