MAHAME YA SASKATCHEWAN

Ndugu msomaji, mahali palipohamwa na watu huitwa mahame. Leo twende Saskatchewan, jimbo la nchi ya Kanada. Huko mahame ni mengi, na wapiga picha huyafuata.

Kusini mwa jimbo hilo ni tambarare ya nyasi na ngano. Miti ni michache. Ukisimama barabarani utaiona nyumba iliyo mbali sana. Ikaribie. Madirisha hayana vioo. Mbao za kuta zimekuwa za kijivu kwa jua na upepo. Paa limebonyea. Hakuna moshi, wala mbwa wa kubweka.

Je, wenyewe walikwenda wapi?

Mwaka 1872 Serikali ya Kanada ilitunga sheria ya kugawa ardhi. Mtu alipewa ekari 160 kwa ada ya dola 10. Wenyeji wa asili, kama Wakree, walisukumwa kwenye maeneo madogo. Wageni wengi walitoka Ulaya. Kando ya reli yalijengwa maghala marefu ya mbao ya kuwekea ngano. Hayakuwa mbalimbali sana, ili mkulima apeleke ngano kwa gari la farasi na kurudi siku ile ile. Penye ghala palikuwa na duka, kanisa na shule.

Miaka ya 1930 ukaja ukame. Upepo ulipeperusha udongo, na bei ya ngano ikaanguka. Wengi walihama. Baadaye matrekta yalimwezesha mtu mmoja kulima ardhi ya jamaa nyingi. Mwaka 1936 jimbo lilikuwa na mashamba 142,000 hivi. Mwaka 2021 yalikuwa 34,000 hivi. Njia nyingi za reli zilifungwa, na maghala mengi yakabomolewa. Basi, ardhi haikulala. Ngano bado inalimwa, lakini watu wamepungua.

Ukifika huko na kamera, fanya hivi:

Kwanza, omba ruhusa. Nyumba haina mtu, lakini shamba lina mwenyewe. Tangu mwaka 2022 sheria ya jimbo inataka upate idhini yake kabla ya kuingia.

Pili, usiingie ndani ya nyumba. Sakafu huwa zimeoza. Angalia pia unapokanyaga, maana visima vya zamani hufichwa na nyasi.

Tatu, piga picha asubuhi au jioni. Jua likiwa chini, kila ubao huonekana wazi. Simama mbali kidogo, ili shamba nalo lionekane.

Nne, usichukue kitu, hata msumari.

Tano, waulize wazee wa karibu. Andika jina la mahali, tarehe, na jina la waliokaa pale. Picha isiyo na maandishi huonyesha ukuta tu. Haisemi nani alizaliwa ndani yake.

Nyumba ya mbao haingoji. Mwaka huu imesimama, mwakani huenda imelala chini. Na mahame ya kwenu, ndugu msomaji, nani ameyaandika?