Taru, Nyika Ifundishayo Kiasi cha Kiko

Msafiri atokaye Mombasa kwenda bara, akiisha kupita Mariakani, Maji ya Chumvi na Samburu, huona nchi ikigeuka polepole mbele ya macho yake. Minazi imebaki nyuma, na mahali pake pamesimama migunga, mibuyu, na vichaka vya miiba vilivyosukana hata mbuzi hutafuta njia ya kupenya. Karibu maili 50 kutoka Mombasa, yaani kilomita 80 hivi, ndipo ilipo Taru, kijiji cha kando ya barabara kuu na kituo cha reli ya zamani, katika nchi ya Waduruma, upande wa Kinango wa Kwale. Mahali penyewe ni padogo, lakini jina lake limeenea, maana nyika yote itokayo hapo ikaelekea Voi huitwa Nyika ya Taru.

Sifa kubwa ya nyika hiyo tangu zamani ni uhaba wa maji. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Kabla ya hapo watu walipita kwa miguu, wakiwamo wapagazi wa misafara ya pembe, wafanya biashara na wamisionari. Johannes Rebmann aliikata nyika hii mwaka 1848 alipotoka Rabai, na mwezi wa Mei mwaka huo akauona mlima Kilimanjaro. Joseph Thomson naye alipita Taru mwaka 1883 alipokuwa akienda Umasaini. Msafara uliofika Taru ulitafuta kwanza ngurunga, ndiyo mashimo yaliyo katika miamba, yawekayo maji ya mvua. Miamba hiyo ni ya mawe ya mchanga, migumu na yenye chembe kubwa, na wataalamu wa mawe wameiita kwa jina la mahali hapa, Taru. Mvua zikinyesha vizuri, ngurunga hujaa. Kiangazi kikizidi, hubaki matope na nyayo za wanyama. Aliyeondoka Taru kuelekea Maungu hakuwa na hakika ya maji njiani, kwa hiyo ilimpasa kuyanywa maji ya kibuyu chake kwa kiasi. Aliyeyanywa yote asubuhi kwa pupa, alasiri alijuta.

Penye maji ndipo penye mapumziko, na penye mapumziko ndipo tumbako hutoka mfukoni. Mmea huu si wa Afrika kwa asili. Watu wa Amerika waliutumia kwa karne nyingi kabla Christopher Columbus hajafika kwao mwaka 1492, na baada ya hapo mabaharia wa Ulaya wakaueneza duniani. Wareno, ambao walifika pwani yetu mwaka 1498 na wakaanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, walikuwa miongoni mwa waliouchukua mbegu zake kuvuka bahari. Mpaka wakati wa misafara mikubwa ya karne ya 19, tumbako ilikuwa imekwisha kuwa mali ya wenyeji: ililimwa bara, ikasokotwa, ikabebwa na kubadilishwa kwa vitu vingine. Wengine waliinusa kama ugoro, wengine waliitafuna pamoja na tambuu, na wengine waliivuta kwa kiko.

Kwamba kiko kilikuwa na heshima yake pwani, lugha yenyewe yashuhudia. Mtu afunguaye kamusi kubwa ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uongozi wa Frederick Johnson, atakuta kila kiungo cha kiko kina jina lake. Bakuli la kutilia tumbako ni bori. Mti uliotobolewa uelekeao katika chombo cha maji ni digali. Chombo hicho cha maji, ambacho aghalabu kilikuwa kifuu cha nazi au kibuyu kidogo, ndicho kiko hasa. Mrija uendao kinywani ni shilamu. Hata sauti ya maji yakibubujika wakati wa kuvuta ina neno lake, nalo ni malio ya kiko. Watu hawakipi kitu majina mengi namna hiyo isipokuwa wamekaa nacho sana.

Lakini kiko cha maji ni kiko cha barazani. Ni rahisi kufahamu kwamba katika nyika ambayo maji ya kunywa hupimwa, kiko kikavu kingemfaa msafiri zaidi, yaani bori na mrija tu. Na hicho ndicho kiko ambacho kijana wa siku hizi hukikusudia anaposema ataka kuanza kuvuta kama wazee. Humwona mzee ameketi chini ya mbuyu, malori yakipita kwa kishindo katika barabara ya Nairobi, naye ametulia na kiko chake kana kwamba hana neno na dunia. Kijana hudhani utulivu ule watoka katika kiko. Hununua kiko, hukijaza mpaka juu, hukiwasha, na kuvuta kwa nguvu kama mtu apulizaye moto wa jikoni. Baada ya dakika chache ulimi wamchoma, kichwa chazunguka, jasho lamtoka, na kiko ni cha moto hata hakishikiki.

Mzee ajuaye kazi humwambia kijana wa namna hiyo: "Mwanangu, kiko hakivutwi kama maji ya mtu mwenye kiu. Kivute kama msafiri anywavyo maji ya kibuyu, kidogo kidogo, akijua safari bado." Maneno hayo ndiyo elimu yote ya kiko, na yaliyobaki ni kuyaeleza.

Jambo la kwanza ni kiko chenyewe. Vingi vya vile vinavyouzwa duniani vimechongwa kwa tunguu la kichaka kiitwacho briari, ambacho huota katika nchi za kando ya bahari ya Mediterania. Mti huo ni mgumu na hustahimili moto. Hata hivyo, anayejaribu hana haja ya kutumia fedha nyingi. Katika jimbo la Missouri huko Marekani, tangu mwaka 1869, kuna kiwanda kitengenezacho viko kwa magunzi ya mahindi, navyo ni vyepesi na rahisi, na wengi wamejifunzia hivyo. Mkulima wa Taru atupaye magunzi nyuma ya nyumba huenda asisadiki kwamba ng'ambo ya bahari gunzi limekuwa bidhaa ya kuuzwa dunia nzima.

Afrika ya Mashariki nayo ilipata sifa yake katika jambo hili. Karibu na Amboseli, mpakani mwa Kenya na Tanganyika, lilichimbwa jiwe jeupe na jepesi ambalo Wajerumani huliita Meerschaum, maana yake povu la bahari. Jiwe hilo hunyonya unyevu wa tumbako na halishiki moto, na kwa karne nyingi wachongaji wa Uturuki na Austria walilithamini kwa viko vyao. Katika miaka ya 1950 na 1960 kampuni moja ya Tanganyika ililitumia jiwe la Amboseli kutengeneza viko, na vilivyojulikana zaidi vilipigwa chapa ya ndovu na jina la Kiswahili, Kiko. Hivyo neno la pwani likasafiri mpaka katika maduka ya Ulaya, na hata leo wapenda vitu vya zamani hukitafuta kiko hicho.

Jambo la pili ni tumbako. Ikiwa na maji mno, moshi wake huwa mvuke uunguzao ulimi. Ikiwa kavu mno, huwaka kwa haraka na kwa ukali. Katika jua la Taru wakati wa kaskazi, tumbako iliyoachwa wazi hukauka upesi, kwa hiyo yafaa ikae katika mkebe wenye kifuniko. Ile iliyo tayari hushikamana kidogo ikifinywa, kisha huachana yenyewe.

Jambo la tatu ni kujaza. Tumbako hutiwa katika bori kwa mafungu matatu: la chini huachwa lijiangukie bila kushindiliwa, la kati hubanwa kidogo, la juu hubanwa zaidi. Kisha mtu avute kabla ya kuwasha. Hewa ikipita kwa taabu, amejaza kwa nguvu mno na yampasa aanze tena. Kiko kipya cha mti kisijazwe mpaka juu kwa mara za kwanza. Nusu ya bori yatosha, ili ndani yake paote polepole ukoko mwembamba wa makaa ukilindao kisiungue. Ukoko huo usizidi unene wa sarafu.

Jambo la nne ni moto. Njiti ya kibiriti ikiwashwa, ingojwe kwanza mpaka harufu ya baruti yake iishe. Moto huzungushwa juu ya tumbako yote, nayo huvimba na kuinuka. Huo ni moto wa kwanza tu, na aghalabu huzimika. Mtu hushindilia majivu yake taratibu, kisha huwasha mara ya pili. Kiko kuzimika si aibu. Hata mabingwa huwasha mara nyingi. Aibu ni kukikimbiza mpaka kikawa cha moto. Kikiwa hakishikiki mkononi, kiwekwe chini kipoe. Moshi wa kiko hukaa kinywani na kutolewa, haushushwi kifuani. Baada ya kuvuta, majivu huondolewa, mrija husafishwa, na kiko hupumzishwa siku nzima kikauke.

Majivu hayo ni neno zito katika nchi kama Taru, na hapa mzee hubadilisha sauti. Wakati wa kiangazi majani ya nyika huwa kama karatasi. Mduruma huweka mali yake katika ng'ombe na mbuzi, na mifugo hiyo hutegemea majani yayo hayo makavu mpaka mvua zirudi. Cheche moja iliyokung'utwa penye upepo yaweza kula malisho ya miezi kwa alasiri moja, na kufika mpaka penye makuti ya paa na mahindi yaliyowekwa akiba. Kwa hiyo kiko hakikung'utwi juu ya majani, wala hakivutwi mtu akitembea porini penye upepo. Majivu hutiwa mchangani pasipo kitu, hukanyagwa, na kuguswa kwa mkono mpaka ihakikishwe kwamba ni baridi. Kijana asiyekubali sharti hili hana haki ya kushika kiko, hata akijua kukijaza namna gani.

Tena liko deni jingine, ambalo wapagazi wa zamani hawakulijua. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walionyesha jinsi uvutaji wa sigara unavyofungamana na saratani ya mapafu. Mwaka 1964 taarifa kubwa ya mganga mkuu wa serikali ya Marekani ilitaja pia kiko, ikakihusisha na saratani ya mdomo. Tangu hapo ushahidi umezidi, nao umegusa kinywa na koo pia. Wako wasemao kwamba kiko hakina madhara kwa kuwa moshi haushushwi kifuani, lakini moshi wa kiko hupitisha nikotini katika ngozi laini ya kinywa, na nikotini ndiyo ifungayo mtu asiweze kuacha. Wengine hutumaini maji ya kiko cha barazani. Maji hupoza moshi, lakini sumu hubaki. Ndiyo maana Kenya, iliyotunga Sheria ya Kudhibiti Tumbako mwaka 2007 na kukataza kuwauzia walio chini ya miaka 18, ilipiga marufuku shisha mwezi wa Desemba 2017, ijapokuwa shisha ni ndugu wa karibu wa kiko chenye malio.

Basi mwanafunzi wa kiko ana hesabu ya kufanya kabla ya kununua chochote. Aweke upande mmoja ule utulivu alioutamani chini ya mbuyu, na upande wa pili fedha za kila mwezi, kinywa chake, na tabia ambayo huenda isimwachie tena. Akitazama vizuri atagundua kwamba mzee yule hakupata utulivu wake dukani pamoja na kiko. Aliupata kwa kuchunga katika miaka ya ukame, kwa kungoja mvua, na kwa kugawa maji machache ya ngurunga baina ya watu na wanyama bila ugomvi. Hayo kijana aweza kujifunza bila moshi. Na wapo wazee ambao, kijana akiisha kusikiliza mafunzo yote manne na onyo la moto, humwuliza ana watoto wangapi na mbuzi wangapi, kisha humshauri fedha ya kiko akanunulie tangi la kukingia maji ya mvua.