Maskini wa Dodoso na Maskini wa Hadithi

Nilipoanza shahada ya uzamili Dar es Salaam, hadithi zangu nilizificha kama deni. Mchana nilisoma sera za hifadhi ya jamii pamoja na msamiati wake wa walengwa, ruzuku na masharti. Usiku niliandika hadithi fupi, na maskini wote waliokuwamo walikuwa wakilia.

Mambo yalianza kubadilika kwenye mkutano wa kijiji. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF huzitambua kaya hadharani: wanakijiji hukubaliana vigezo, majina hutajwa, kisha dodoso hujazwa. Utaratibu wenyewe una mantiki, kwani jirani anajua kuliko ofisi nani kalala njaa. Ila mama mmoja aliposimama kujieleza, alianza na mumewe aliyefariki, akapita kwenye paa linalovuja, na kuku wake hakuwataja kabisa. Kwa mtu wa takwimu, hapo kuna mali iliyofichwa. Mimi nilisikia msimulizi anayemjua msikilizaji wake. Wala hakusema uongo. Mume kweli alikufa, na paa kweli lilivuja.

Nikamkumbuka Karama wa Shaaban Robert katika Kusadikika, anayejitetea mbele ya mfalme kwa kusimulia. Tangu hapo, kila nikishika dodoso najiuliza nani anasimulia, anamwambia nani, na anaogopa kukosa nini.

Ndiyo maana Pensheni Jamii ya Zanzibar ilinivuta. Tangu Aprili 2016, serikali ya huko imekuwa ikimlipa kila mkaazi aliyefikisha miaka 70 na kutimiza sharti la ukaazi. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa. Hakuna michango wala kuulizwa umaskini wako. Wapo wanaolalamika kwamba hata mwenye nyumba za kupangisha anapata. Na apate. Naona ni bei nafuu ya kumwondolea mzee kazi ya kujieleza.

Linalobaki ni swali la umri, nalo lina vituko vyake, maana wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Bibi mmoja wa Kusini Unguja alinijibu, “Mapinduzi yamenikuta nna mtoto mgongoni, mwanangu. Hesabu mwenyewe.” Nikahesabu kutoka 1964, nikaridhika. Nilipomuuliza fedha anazifanyia nini, akanitazama, akatia kipande cha popoo kinywani. “Wataka kunihesabia na uraibu wangu?”

Kwenye fomu yangu tambuu iliingia “matumizi mengineyo”. Kwenye daftari la hadithi ilipata kurasa nzima, na bibi yule akawa mhusika wangu wa kwanza maskini anayekataa kujibu swali. Tasnifu nayo ikageuka: kutoka kupima ulaji wa kaya hadi kuchunguza namna walengwa wanavyojieleza. Msimamizi wangu, akisoma rasimu, aliuliza kama anasahihisha tasnifu au riwaya, kisha akanitaka nirudishe majedwali. Nimeyarudisha.

Hadithi niliyo nayo mezani sasa ni ya sheha anayetakiwa kuthibitisha umri wa wazee wa shehia yake, akiwamo mama mkwe wake. Fedha mama anazitaka, ila miaka sabini hataki kuisikia ikitajwa mbele za watu. Nimeshamwandikia sheha hoja za kila namna, mama mkwe anamgomea tu.