Matofaa ya Cézanne

Nakiri kuwa nilipoiona kwanza, kitabuni, picha ya matofaa ya Paul Cézanne, niliicheka. Meza imeinama, matunda yakaribia kuporomoka. Nikadhani mchoraji hakuijua kazi yake. Waamuzi wa maonyesho makuu ya Paris walidhani vivyo hivyo. Walimkatalia miaka mingi, wakampokelea picha moja tu, mwaka 1882.

Kumbe meza ile haikutazamwa kwa jicho moja lililosimama mahali pamoja, bali kama mtu aionavyo huku akisogea. Wala tofaa halikuviringishwa kwa kivuli cheusi. Rangi iliwekwa kando ya rangi mpaka tunda likapata uzito. Cézanne alifariki mwaka 1906. Mwaka 1907 picha zake nyingi zilitundikwa Paris, na Picasso na Braque, vijana wakati ule, wakajifunza kwake uthubutu wa kulivunja umbo na kuliunda upya.

Nayasema haya kwa kuwa nami nimekuwa mwamuzi. Mwanafunzi aliniletea shairi lisilo na vina, nikamrudishia, pembeni nimeandika: “Halina mizani.” Sikulisoma hadi mwisho. Alikwisha kuondoka chuoni nilipotaka kumwomba anipe tena.