Mlima wa Moto wa Ngazija na Jamaa Wakaao Chini Yake

Sisi tukaao Pugu, mbele ya Gongo la Mboto, tumezoea kuziona ndege zikiinuka kutoka katika kiwanja cha Dar es Salaam na kutoweka mawinguni. Wengi hudhani kwamba ndege hizo zote zaenda mbali na kwa watu wasiotuhusu. Sivyo. Ziko ziendazo Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro, nacho kipo kiasi cha kilomita 700 tu kusini-mashariki ya mji wetu. Msomaji akiipima ramani ataona kwamba Ngazija i karibu nasi kuliko Mwanza. Tena ni nchi ya Waislamu, na nyumba nyingi za Unguja na za Dar es Salaam zina damu yake. Yetu ni mojawapo, kwa upande wa mama.

Katika kisiwa cha Réunion, kilicho chini ya Ufaransa katika bahari hii hii yetu, wenye uwezo hupanda helikopta pamoja na watoto wao ili wauzunguke mlima wa moto na kuutazama kwa juu. Sisi hatukuwa na uwezo huo. Tulikuwa na akiba ya miaka miwili, tiketi tano, na dirisha la ndege. Wala hatukwenda kwa ajili ya kutazama tu. Tulikwenda kumwona bibi yetu, ndugu wa mwisho aliyebaki wa nyanya yao watoto, na kumwomba aje akae nasi Pugu.

Ndege iliondoka asubuhi. Upande wa kulia tuliiona delta ya Rufiji, maji yake ya udongo yakiingia katika buluu ya bahari. Kisha kisiwa cha Mafia. Kisha maji matupu. Bahari ile ndiyo iliyomeza ndege mwezi wa Juni 2009 karibu na Ngazija, ikiwa na watu 153, akaokoka msichana mmoja tu. Tuliwaombea rehema waliokufa, watoto wakaitikia amina.

Kabla ya kushuka, mlima ulitokea. Jina lake Karthala, na urefu wake ni mita 2,361. Vilima vyetu vya Pugu havifiki hata mita 400. Mara nyingi kichwa chake hufunikwa na mawingu, lakini siku ile kilikuwa wazi. Juu hauna ncha kama mlima wa kuchorwa na mtoto, bali umekatika na kuacha bonde pana lenye kilomita tatu kwa nne hivi, na ndani yake mna mashimo ya moto. Chini ya hapo msitu wa kijani, kisha minazi na migomba, na katikati ya kijani hicho mistari mieusi mipana imeshuka mpaka baharini. Mwanetu mdogo aliuliza, "Baba, ni barabara zile?" Tukamwambia kwamba ni njia, ila si za watu: ni zaha, mawe yaliyoyeyuka kwa moto, yakatiririka kama uji, yakapoa yakawa mwamba. Na kati ya mstari na mstari kulikuwa na vijiji, na kila kijiji kina msikiti wake mweupe.

Mlima huu haujalala. Mwaka 1903 hewa yake ya sumu iliua watu. Mwaka 1977 zaha ilishuka upande wa kusini-magharibi na kuteketeza nyumba za Singani. Mwaka 2005 ulilipuka mara mbili, Aprili na Novemba, ukamwaga majivu juu ya vijiji, na maelfu wakakimbia makwao.

Lakini dhiki kubwa ya majivu yale haikuwa moto, ilikuwa maji. Ngazija hunyeshewa mvua nyingi, na hata hivyo haina mto hata mmoja. Mwamba wake una matundu kama sifongo, na maji hupita yakazama chini. Kwa hiyo watu hukinga mvua mapaani na kuihifadhi katika mabirika. Majivu yalipoanguka, yaliingia katika mabirika, na watu wakakosa maji ya kunywa hali bahari imewazunguka na mvua inawanyeshea.

Mjini Moroni tuliswali katika msikiti wa kale wa Ijumaa ulio kando ya bandari, ambao asili yake ni mwaka 1427. Kisha tulifika Itsandra, alikozaliwa Sayyid Ahmad bin Sumeit mwaka 1861, aliyekuja kuwa kadhi wa Unguja na mwalimu wa masheikh wengi wa pwani yetu. Mwanawe, Sayyid Omar, naye alikuwa kadhi wa Unguja, kisha akarejea Komoro na kufariki mwaka 1976. Vijana wetu wajue kwamba elimu ilivuka bahari hii pande zote mbili.

Bibi tulimkuta katika kijiji cha mteremkoni, nyumba ya mawe yenye birika uani. Alikulia Unguja, na Kiswahili chake ni cha kale, kizuri. Siku ya pili tulimweleza haja yetu: umri umekwenda, mlima hauaminiki, na Pugu kuna chumba tayari. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Wanangu, nimewasikia na Mungu awalipe. Lakini nyumba hii si yangu hata niiache. Ilikuwa ya mama, na kabla yake ya bibi yangu. Mwaka ule wa majivu tuliliteka birika hili mpaka chini, tukalisugua kwa mikono, tukangoja mvua nyingine. Nikiondoka, nani atalisugua?"

Yafaa msomaji afahamu kwamba katika Ngazija nyumba ni ya mwanamke. Mume ndiye ahamiaye kwa mkewe, na mali ya ukoo iitwayo manyahuli hupita kwa mama kwenda kwa binti. Bibi hakujaliwa mtoto wa kike. Alimwita binti yetu mkubwa, mwenye miaka 15, akamshika mkono na kumwonyesha mfuniko wa birika, mfereji wa paani, na mahali pa kuziba maji majivu yaangukapo. Hakumwambia neno la urithi. Binti alielewa, na usiku ule alitwambia kwamba akimaliza shule angependa kurudi kukaa kwa bibi mwaka mzima, ajifunze Kingazija.

Hatukumjibu upesi. Ni vigumu kumtuma mtoto chini ya mlima wa moto. Lakini tulikumbuka kwamba tulikuja kumtoa bibi nyumbani kwake, bila ya kuuliza nyumba ile itabaki kwa nani. Tulimpa ruhusa asubuhi, mbele ya bibi, naye bibi akaomba dua ndefu.

Ndugu msomaji, kama unaye jamaa ng'ambo ya bahari, mwendee angali hai. Usimwendee kwa kumhurumia tu. Muulize ana kazi gani ambayo haijapata mtu wa kuipokea. Wabillahi taufiki.