Kikapu Kitupu cha Wagenia

Wiki tatu daftari langu lilikaa bila neno. Jumamosi nilipanda toleka hadi maporomoko ya Wagenia. Wavuvi walikuwa wakishusha vikapu vyao vikubwa kutoka kwenye miti iliyosimikwa kati ya maji makali. Kimoja kilitoka kitupu. Mvuvi akakirudisha majini bila kulalamika.

Joseph Conrad alifika hapa mwaka 1890. Hadithi iliyotokana na safari hiyo ilitoka 1899. Ndani yake hatupewi hata neno moja la mwanamke wa mto huu. Nani atamsemea, kama si sisi?

Niliketi kando ya mama muuza samaki, nikaandika alichosema: “Siku kikapu kikitoka kitupu, tunakula pondu.” Mstari mmoja tu. Leo usiku narudisha kikapu.