Enzi za Programu za Maboksi

Enzi zile programu ilikuja ndani ya boksi. Windows XP uliyoifunga mwaka 2002 ilikuwa na faili zilezile alizofunga mwenzako mji wa pili, na zilikaa hivyo kwa miezi.

Hilo ndilo lililotupa raha sisi tuliokagua diski za watu. Unaipitisha kila faili kwenye MD5, kanuni aliyoitunga Ron Rivest na kuichapisha mwaka 1992, nayo inakupa heshi ya tarakimu na herufi 32, iwe faili ni barua fupi au filamu nzima. Gusa koma moja tu, heshi inageuka yote. Kisha unalinganisha na orodha ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ambayo huko Gaithersburg, Maryland, ilikusanya programu, ikakokotoa heshi ya kila faili na kuyatunza maboksi yenyewe. Zinazotambulika unaziweka kando. Kinachobaki ni cha mwenye mashine: barua, picha, hesabu zake. Lundo lililokutisha asubuhi, jioni linasomeka.

Orodha hiyo haikuahidi usalama, ingawa wengi waliitumia kana kwamba iliahidi. Zana za udukuzi nazo zimo. Ilisema tu: hii tunaijua, na ilitoka kwenye programu fulani.

Mwaka 2004 Wang Xiaoyun na wenzake wakaonyesha data mbili tofauti zenye heshi moja ya MD5. Mwaka 2012 ikagundulika Flame, programu ya ujasusi iliyotumia udhaifu wa aina hiyo kughushi cheti kilichoonekana cha Microsoft. SHA-1, kanuni nyingine ya heshi, nayo ikaanguka Februari 2017, Google na kituo cha CWI cha Amsterdam walipotoa PDF mbili zenye heshi moja. Tukahamia kanuni nyingine tena, SHA-256.

Lakini si hayo yaliyotuharibia kazi. Kutunga faili mbili zinazofanana heshi ni jambo moja. Kuunda faili ya kulingana na heshi ya faili aliyoitengeneza mtu mwingine ni jambo jingine, na hilo hata kwa MD5 bado halijawezekana kivitendo.

Kilichotuharibia ni kufa kwa boksi. Siku hizi kivinjari kinajisasisha chenyewe mwenye mashine akiwa amelala, na faili nyingi zinaamka na heshi mpya. Ukishachuja diski ya leo unabaki na maelfu ya faili ambazo mwenyewe hajawahi kuziona: vipande vya toleo la juzi, ambalo orodha bado haijalifikia.